Kufeli Glukosi kwa Heshima

Mdogo wangu, mwanafunzi wa biolojia-kemia hapa Kolwezi: mtihani wa taifa, Exetat, unabisha hodi, na upumuaji wa seli hujaugusa. Usihangaike. Kufeli kila mtu anaweza. Kufeli ukiwa umependeza ndiyo kazi. Fuata hatua hizi, na wenzako usiwaonyeshe.

1. Kariri, usiulize.
Meza mlingano wote kama kidonge cha malaria: glukosi moja na oksijeni sita, hutoka kaboni dioksidi sita, maji sita na nishati. Useme kwa Kifaransa, haraka, ukitazama dari. Mtu akiuliza nishati hiyo inahifadhiwa katika nini, jibu “ATP”, kisha kohoa. Kikohozi kimeokoa wasomi wengi.

2. Chagua namba yako uipiganie.
Glukosi moja inatoa ATP ngapi? Daftari la kaka yako linasema 38, la jirani 36, vitabu vipya 30 au 32. Chukua moja, piga meza. Ila usichunguze kwa nini zinatofautiana. Ukigundua kwamba wa zamani walihesabu ATP 3 kwa kila NADH, na wa leo wanahesabu kama 2.5, ugomvi utaisha, na mtabaki hamna la kufanya ila kusoma.

3. Usipite Kasulo.
Wala soko la Musompo. Kule utawakuta wachimbaji, na wachimbaji watakuharibia mpango. Mchimbaji hashuki shimoni mikono mitupu: kwanza sponsa anatoa pesa ya chakula, kamba na sururu. Seli nayo hutanguliza ATP 2, ikavuna 4, faida 2. Jiwe lenyewe, glukosi ya kaboni sita, linapasuliwa kuwa piruvati mbili za kaboni tatu tatu. Kazi yote hufanyika kwenye saitoplazimu, nje ya mitokondria, bila kuomba oksijeni hata chembe. Na kama ilivyo kwetu, aliyepasua jiwe ndiye anayepata kidogo. Utajiri unatengenezwa mbele, kiwandani. Hiyo ndiyo glikolisisi. Ukishaiona hivyo haitoki tena kichwani, kwa hiyo zunguka njia nyingine.

4. Malori yakipita, geuza uso.
Hasa yale ya shaba yanayoshika njia ya Likasi na Lubumbashi kwenda mpakani Kasumbalesa. Ndani ya mitokondria, mzunguko wa Krebs unamalizia kuzivunja zile piruvati na kuitupa kaboni yake nje kama kaboni dioksidi. Mali yenyewe, yaani elektroni, inapakiwa kwenye malori yanayoitwa NADH. Mpakani, anayepokea mzigo ni oksijeni, na risiti yake ni maji. Mpaka ukifungwa, foleni inarudi nyuma hadi Kolwezi: malori yote yamejaa, hakuna tupu la kupakia, hata mzunguko unasimama. Sasa unajua kwa nini mtu akikosa hewa hufa upesi. Pole. Nilikwambia ugeuze uso.

5. Munkoyo wa bibi unywe, usiutazame.
Bibi anapika uji wa mahindi, anatia mizizi iliyopondwa. Vimeng'enya vya mizizi vinakata wanga kuwa sukari, kisha vijidudu vinaingia kazini na kinywaji kinachachuka. Hapo ni kama mpaka umefungwa, na madereva wameamua kumwaga mzigo kando ya barabara ili warudi na magari matupu. Hamira ikiumwaga, unapata pombe na kaboni dioksidi. Msuli wa paja lako ukiumwaga, siku uliyokimbizwa na mbwa, unapata asidi laktiki. Faida inabaki ATP 2 zilezile. Ukimuuliza bibi swali moja tu, utatoka na alama tano, na heshima yako ya kufeli itakuwa imekwisha.

6. Kikaratasi cha soksi usiandike mwenyewe.
Kosa hili limewaponza wengi. Ili somo zima liingie kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja, itabidi uchague lililo kuu, ulipange, uliandike mara tatu kwa herufi za sisimizi. Ukimaliza, huhitaji karatasi tena. Nunua cha mwenzako, kilichofotokopiwa mara nne, kisichosomeka.

7. Andaa visingizio viwili.
Cha kwanza, Krebs. Mwaka 1937 jarida la Nature lilimrudishia makala yake kuhusu mzunguko huo. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel. Sema: “Hata Krebs walimkataa.” Usiseme kwamba yeye alikuwa amefanya kazi.

Cha pili, umeme. Sema SNEL walikata usiku kucha, nani atakubishia? Lakini ishia hapo. Usilitaje bwawa la Nzilo, lililo hapa jirani kwenye Lualaba tangu miaka ya 1950. Maji yamezuiwa upande mmoja, yanapita kwa nguvu, turbini inazunguka, umeme unatoka: protoni nazo hurundikana upande mmoja wa utando wa mitokondria, zikapita kwenye kimeng'enya kinachozunguka, ATP ikatoka. Ukilitaja Nzilo, kisingizio chako kitakuwa kimejibu swali.

8. Siku ya matokeo, kaa kivulini.
Wenzako watamwagiwa poda nyeupe vichwani, watapiga kelele hadi magharibi. Wewe vuta pumzi, taratibu, kama mtu mzima. Oksijeni uliyoivuta inakwenda mpakani kupokea elektroni, na kimeng'enya kinachoikabidhi mzigo kinafanya kazi kwa atomi za chuma na za shaba. Shaba, mdogo wangu. Mji mzima unaichimba, malori yanaisomba, karibu kila seli yako inaitumia kupumua, na wewe karatasini umeacha nafasi wazi.

Kufeli namna hiyo, ukiwa Kolwezi, kunahitaji kipaji.