Mama Mkwe Mwenye Pembe

Bibi harusi aliiona nyumba ile kwenye simu, akiwa Nairobi, akaipenda papo hapo. Kuta nyeupe za chokaa, mlango wa nakshi, na ukuta mzima wa vidaka, vile vishubaka vya ukutani, vilivyopangwa safu juu ya safu. Nyumba ya kale ya Lamu, imefanyiwa ukarabati, sasa inakodishwa kwa wageni na harusi. "Nataka picha zote zipigwe humo," akaniambia. "Zote." Nikasema sawa. Mpiga picha wa harusi husema sawa kwanza, maswali hujiuliza akishapokea arubuni.

Sasa, aliyeipiga picha ile ya kwenye simu aliipiga nyumba tupu. Hilo halisemwi. Nyumba tupu ya Lamu haina mfano wake, hata mtoto mwenye simu mbovu ataitoa vizuri. Itie wanawake themanini, masinia ya biriani, watoto waliokula halua kabla ya chakula, na mama wa pande mbili ambao hawajaamua nani mwenye shughuli, halafu uje tuzungumze.

Kusema kweli mimi napenda kumbi mbaya. Zile za Mombasa zenye viti vilivyovishwa vitambaa, maua ya plastiki na taa za rangi ya zambarau. Ukumbi mbaya haujioni. Unakaa nyuma, unamwachia bibi harusi apendeze peke yake. Nyumba nzuri inashindana naye. Na nyumba ya Lamu ina uzoefu wa zaidi ya miaka mia mbili wa kutazamwa, yeye bibi harusi ana jioni moja tu.

Nikaha msikitini aliishughulikia mwenzangu wa kiume. Alimaliza mapema, akaenda kunywa kahawa ufukweni. Mimi nilipewa upande wa wanawake, maana yake nilipewa kazi.

Tatizo la kwanza lilikuwa boriti. Fundi wa zamani alipima chumba kwa mti wa mkoko. Boriti ya kubeba dari nzito ya mawe na chokaa haivuki sana mita tatu, basi na chumba upana wake ukaishia hapo hapo. Kwa urefu utatembea mpaka uchoke, lakini kwa upana ukiegemea ukuta huu, ule wa pili unakusalimia. Katika chumba hicho niliambiwa nipige picha ya ukoo wa bwana harusi, wote, waliosimama na walioketi. Nikarudi nyuma. Nikarudi tena. Kisogo changu kikaingia ndani ya kidaka, na ukoo bado haujaenea.

Ikabidi nitoe lenzi pana. Lenzi pana ina tabia moja: walio katikati inawaacha salama, walio pembeni inawavuta. Shangazi wa mwisho kulia alivutwa mpaka bega lake likawa lake na la jirani yake. Akaja kuchungulia kwenye kioo cha kamera.

"Huyu ni mimi?"

"Ni lenzi, shangazi."

"Lenzi imenilisha nini?"

Alidai picha irudiwe, yeye akae katikati. Alipokaa katikati, aliyesukumwa pembeni akawa dada yake, naye akaja kuchungulia. Tuliendelea hivyo hadi ukoo mzima ukawa umepita pembeni kwa zamu.

Tatizo la pili lilikuwa giza, na hili ndilo lililonifanya nielewe niko wapi. Nyumba za namna hii zina mpango wake. Unaanzia dakani, kwenye viti vya mawe anapoketishwa mgeni wa kiume. Unapita tekani, ambapo njia inapinda makusudi, ili anayepita barabarani asitupe jicho mpaka ndani. Unatokea kiwandani, yaani kwenye ua usio na paa, na hapo ndipo jua linapoishia. Kuanzia kiwandani unapanda kidogo kidogo kwenye kumbi ndefu: msana wa tini, yaani wa chini, msana wa yuu, yaani wa juu, kisha ndani kabisa. Mwanga hauna njia nyingine ila ule mlango wa uani, na kila chumba kinajichukulia fungu lake kabla ya kumpa mwenzake. Bibi harusi, kwa heshima yake, ameketishwa ndani kabisa. Kwa hiyo kadiri mtu anavyoheshimiwa ndivyo anavyowekwa gizani, na mimi nimelipwa kumtoa anang'aa.

Nikawasha flashi. Kanuni ya flashi ni kuielekeza juu, mwanga ugonge dari na kushuka taratibu usoni. Dari yenyewe ilikuwa boriti nyeusi tititi. Flashi ilipanda na haikushuka. Nikaielekeza mbele, na hapo vidaka vikaamka. Kila kidaka kina tao lenye ncha, na mwanga ukitoka mbele kila tao linachorwa kivuli kikali. Mama wa bwana harusi alikuwa ameketi wima katikati ya ukuta, amejifunga leso mpya, mikono magotini, anatazama kamera bila kupepesa. Nikabonyeza. Kwenye kioo nikamwona yeye na leso yake, na juu ya kichwa chake, kushoto na kulia, zimechomoza pembe mbili nyeusi zenye ncha, sawasawa kabisa, wala fundi seremala asingezipima vizuri zaidi.

Kabla sijaifuta, mama wa bibi harusi alikuwa begani kwangu. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Hiyo iache," akasema.

Mpaka leo sijui kama alitania. Ninachojua ni kwamba habari ilizunguka nyumba nzima kabla ya kahawa kuzunguka, na mwenye pembe zake akaja kuniuliza, kwa upole unaotisha, ni kitu gani hasa nilichokiona juu ya kichwa chake. Nikamwonyesha picha nyingine.

Dawa ilikuwa kutundika kitambaa cheupe mbele ya vidaka. Nikamwita mwangalizi wa nyumba, nikamwomba msumari mmoja. Alinitazama kana kwamba nimemwomba figo.

"Bibie, mji huu umeingia kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Ukuta huu sasa ni urithi wa dunia nzima."

Nikauliza, gundi ya karatasi je? Akanionyesha pahali ambapo mgeni mmoja aliwahi kubandika gundi ya karatasi, na chokaa ikatoka nayo, upana wa kiganja. Nikaona dunia nzima isije ikanikasirikia. Nikamwita binti mmoja ashike kitambaa kwa mikono miwili. Mikono yake ilichoka upesi, na katika picha kadhaa kitambaa kimeteremka, juu yake yanaonekana macho mawili yanayoomba msaada.

Watu wenyewe nao walikuwa kesi nyingine. Simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye kikapu, kama ilivyo desturi katika shughuli nyingi za wanawake Pwani, kwa hiyo jicho lililobaki lilikuwa langu peke yangu, na jicho moja huogopwa kuliko mia. Nikiinua kamera upande huu, mtandio unapanda. Nikigeukia kule, leso zinafunika nyuso safu nzima. Nina picha ya ukumbi uliojaa ambayo ndani yake hauonekani uso hata mmoja, isipokuwa wa mtoto aliyelala. Halafu, dakika kumi baadaye, wale wale wakaanza kunifuata faragha, mmoja mmoja: "Nitoe moja, lakini usimwonyeshe mtu." Kila mmoja alikuwa na kona yake ya siri, na kila kona ya siri ilikuwa na giza.

Katikati ya hayo mtoto mmoja alichukua kifuniko cha lenzi na kukitumbukiza katika birika la maji msalani. Ukitaka kujua ufundi wa nyumba hizi usitazame vidaka, tazama birika. Chini kabisa imejengewa sahani ya Kichina, na majini huishi visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Kifuniko kilikuwa kimetua katikati ya sahani, na visamaki wawili walikuwa wanakikagua. Nilipiga picha. Ni mojawapo ya picha safi kabisa za siku ile.

Bibi mzaa mama wa bibi harusi alikuwa ananitazama nikihangaika tangu mchana. Mwishowe akaniita. "Ndoo, mwanangu, keti tini upumue." Nikaketi. "Nyumba hii imejengwa mtu wa nde asione. Weye wataka kila mtu aone. Utagombana nayo mpaka lini?" Akanionyesha kwa kidevu kule uani. "Mtoe mwari pale, jua likishatoka sakafuni."

Mambo niliyokuwa nimekwenda kuyasomea Nairobi, bibi aliyasema akitafuna tambuu.

Saa kumi alasiri jua lilikuwa limepanda juu ya ukuta na kuacha ua mzima kivulini. Wakati huo kuta za chokaa zinapeana mwanga, huu unamrushia ule, na ngozi ya mtu inatulia bila flashi wala mikono ya binti wa kitambaa. Bibi harusi aliketi kwenye ukingo wa msana. Hina ilikuwa imekolea kwenye ncha za vidole karibu na kuwa nyeusi, kikuba cha asumini kifuani, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuulizwa na mtu afanye nini. Nilipiga upesi, kwa sababu nje tulisikia "Simile! Simile!" na punda wa mchanga walikuwa wanapita chini ya wikio, lile daraja la kuunganisha nyumba mbili za ghorofa, na vumbi lao halibishi hodi. Albamu yote, ukiitoa hiyo robo saa, ni kuta.

Basi nawe unayeziangalia nyumba hizo kwenye simu usiku, oa au olewa humo, ni nzuri kweli. Lakini nakusihi, nipangie saa kumi uani kabla hujampangia mpishi. Mama mkwe asiketishwe chini ya vidaka, mpeni kiti upande wa mlango. Na nauli za mashua na mchukuzi wa punda ni juu ya mwenye shughuli, hazimo kwenye bei yangu.