Gesi Tu, Bosi

Kiyoyozi kilichokufa kina heshima yake. Unashusha vioo, unakunja mikono ya shati, unakubali kwamba hii ni Dar es Salaam wala si Makete, na maisha yanaendelea. Balaa ni kiyoyozi kinachofanya kazi kikijisikia. Hicho kinakupa matumaini, na mwezi wa pili, kwenye foleni ya Mwenge, matumaini yanatoa jasho kuliko jua lenyewe.

Gari langu ni la mwaka 2002. Lilishuka bandarini na Ujapani wake wote: kila nikiwasha, dada mmoja wa ndani ya dashibodi ananitangazia kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Ndivyo alivyonitafsiria mtu aliyesoma kule. Anasema kwa adabu sana, nami huwa namwitikia.

Injini haina neno, gia haina neno. Mwenye maneno ni kiyoyozi. Alfajiri tukitoka Tegeta, mtu anaweza kuomba sweta. Jua likishafika utosini upepo unageuka vuguvugu, kisha wa moto kabisa, na unapuliza kwa nguvu ileile, bila haya. Egesha kivulini saa moja, washa tena: baridi.

Ukishusha vioo kwenye foleni umeshafungua soko. Henga zinaingia, ramani ya dunia inaingia, korosho, mikeka ya gari, na kijana anayeamini kwamba unahitaji mtoto wa mbwa. Ukivifunga, unachemka. Wengi, nimeona, tunavifunga. Ukipishana na gari lenye vioo vilivyofungwa na dereva anajipangusa shingo kwa taulo huku ametabasamu, mpishe. Ni mwenzetu.

Ushauri haukukosekana. "Gesi tu, bosi," alisema fundi wa jirani kabla sijazima injini. "Gesi," alisema mlinzi wa ofisini, ambaye hana gari. Bodaboda aliyesimama dirishani kwangu pale kwenye taa alitazama uso wangu mara moja tu na kutoa hukumu hiyohiyo. Na mzee jirani yangu, mstaafu wa reli ninayempa lifti akienda mjini kufuatilia mafao yake, aliniambia taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeishi na mashine kubwa kuliko zangu, "Kijana, hiyo ni gesi."

Si kwamba wanaosema hivyo ni wajinga. Gesi ikipungua kweli, swichi ya presha inaikataza kompresa isiwake, na kiyoyozi kinakata. Lakini gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Inazunguka humohumo kwenye mabomba, kutoka kimiminika kuwa mvuke na kurudi tena, na ikipungua maana yake imevuja. Iliyovuja imekwenda, haina kawaida ya kurudi nyumbani ikiona giza limeingia. Kwangu baridi ilirudi kila alfajiri.

Hoja hiyo nilimpa fundi wa jirani. Akanisikiliza kwa upole, akaenda kuleta mtungi. Magari ya kabla ya miaka ya 1990 mengi yalitumia gesi ya R12, ile iliyoanza kuondolewa baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni. Ya umri wa langu hutumia R134a. Mtungi wa fundi haukuwa na maandishi yoyote. Ulikuwa wa bluu, basi. Nikamuuliza ndani kuna nini. "Gesi," akasema.

Na kila nilipolifikisha gari gereji, kiyoyozi kikapona, kama mtoto aliyelia usiku kucha akifika zahanati anamchekea nesi. Fundi anaweka kiganja kwenye tundu la upepo, ananitazama, anamtazama mwenzake. "Mbona baridi hii, bosi?" Natoka getini nikiwa mzima wa afya na mtuhumiwa. Kabla sijafika barabara ya lami, joto.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja wa Ilala, mchache wa maneno. Mtungi hakuugusa. Aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: inagoma ikiwa ya baridi au ya moto? Halafu akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa rilei ya kompresa na rilei ya honi, ambazo kwenye gari langu ni pacha, akazibadilisha nafasi. "Tembea nayo hivyo. Ugonjwa ukihamia kwenye honi, tumempata."

Sidhani kama mji huu umewahi kuwa na dereva aliyepiga honi kwa dua namna ile, akiomba isilie. Nilizipigia bajaji, nikaipigia daladala iliyokuwa imeegeshwa haina mtu. Mama mmoja aliyekuwa anavuka kwenye pundamilia kwa haki yake yote alisimama katikati akaniuliza nilikolelewa. Honi ililia vizuri mno. Rilei haikuwa na kosa.

Basi kijana akakaa kuusubiri ugonjwa. Alisimamisha gari juani injini ikiwaka, akanywa soda yangu, akanywa na ya pili. Upepo ulipoanza kuwa moto aliinama akasikiliza. Ile "ta!" ya kompresa kushika haikuwepo. Puli inazunguka, sahani ya mbele imesimama, inaitazama tu. Akachukua mpini mrefu wa mti akaisukuma kidogo. Ta! Baridi ikaja.

Klachi ya kompresa ni sumaku ya umeme inayoivuta sahani ya chuma. Miaka inavyokwenda nyuso zinalika, na mwanya kati yake, unaotakiwa kuwa kama nusu milimita hivi, unapanuka. Injini ikipata moto, waya wa shaba wa ile sumaku nao unapata moto, unabana umeme, nguvu ya kuvuta inapungua. Alfajiri sumaku inauweza mwanya ule, mchana haiuwezi. Kijana alizima gari, akafungua bolti moja, akatoa washa nyembamba mithili ya ukucha, akarudisha sahani. Elfu kumi na tano, na soda.

Kesho yake mzee alipanda kama kawaida na bahasha yake ya mafao. Mchana, tukirudi, jua la utosi, akaweka kiganja kwenye tundu la upepo na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umeona? Nilikwambia gesi."

"Kweli, mzee," nikasema. Ana umri wa baba yangu, na ngazi ya kupandia darini huwa naazima kwake.

Tulipofika Mwenge alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti.

"Ila wamekuzidishia," akasema. "Warudie wakaipunguze kidogo."