Feni Belti Inalia Lini?

Sehemu nyingi za gari huharibika kimyakimya. Oili hupungua bila kumwambia mtu, chujio la hewa huziba kwa adabu, matairi nayo huchakaa bila malalamiko mpaka siku ya ukaguzi. Feni belti haina subira hiyo. Ikiwa na neno, hulisema alfajiri, gari likiwa bado uani, na hulisema kwa sauti inayomwamsha hata jirani asiye na gari, naye huamka akiwa na maoni tayari. Boneti ikifunguliwa tu, wa kwanza ananyoosha kidole kwenye alteneta, wa pili anaapa kuwa ni pampu ya usukani, na yule ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli anatikisa kichwa na kutoa hukumu: injini imekwisha, iuzwe. Wote wanajibu swali moja, nalo ni inalia wapi. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopotea mapema. Chini ya boneti pamejaa mabati, plastiki na upepo wa feni. Sauti hugonga huku ikasikika kule, na kwa kuwa mkanda mmoja hupita kwenye puli kadhaa, mlio uliozaliwa kwenye puli moja huonekana unatoka kwenye zote. Swali lenye faida ni jingine: inalia lini?

Sababu iko kwenye msuguano. Raba ikiishika puli barabara, huzunguka nayo bila neno. Mzigo ukizidi nguvu ya kushika, raba huteleza kidogo, hushika, huteleza tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, nayo hutetemeka kama uzi wa fidla chini ya upinde, ila mpiga fidla wa taarabu hutuzwa. Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, alionyesha kwamba kadiri mkanda unavyokumbatia sehemu kubwa ya puli ndivyo uwezo wake wa kuvuta unavyoongezeka, tena kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Chukua mkanda bapa wenye kipimo cha msuguano cha 0.3. Ukikumbatia nusu ya puli, upande unaovuta unaweza kuwa na nguvu mara 2.6 hivi ya upande uliolegea kabla haujateleza. Ukikumbatia robo tu, ni mara 1.6. Sasa itazame alteneta. Puli yake ni miongoni mwa zilizo ndogo kabisa, maana inatakiwa izunguke mara mbili hadi tatu kila krenki inapozunguka mara moja. Pa kushika ni padogo, kazi ni nzito. Mkanda ukilegea, mara nyingi hapo ndipo utakapoanza kuteleza, hata kama jirani ameapa kwa jina la pampu ya usukani.

Ndiyo maana saa ya kelele inatufaa kuliko kidole cha mtu. Asubuhi betri imetoka kuzungusha stata, imepungukiwa, na alteneta inatakiwa iirudishie chaji papo hapo. Ikitoa ampea 80 kwa volti 14, hizo ni zaidi ya wati 1,100, bila kuhesabu kinachopotea kwa joto. Upe kazi hiyo mkanda uliolegea, au uliong'aa kwa kuungua, au wenye unyevu wa umande, kisha ukae usubiri yowe. Baada ya dakika chache betri imeshiba, mkanda umepata joto na kukauka, na kelele inakwisha. Hiki ndicho chanzo cha ile aibu inayowafanya wenye magari waonekane waongo: gari lililopiga mayowe Mbagala linafika gereji Ilala limetulia tuli, fundi anainama, anasikiliza, kisha anamtazama mwenye gari badala ya injini. Gari halina hila yoyote. Ushahidi umeyeyuka kwenye foleni.

Kelele inayokuja usukani unapokatwa hadi mwisho, kwenye gari lenye pampu ya haidroliki, imekuja kwa sababu pampu hiyo imebanwa na kazi. Inayokuja kiyoyozi kinapowashwa imeletwa na mzigo wa kompresa. Hapa pana mtego: pampu au kompresa kutajwa hakuna maana kwamba ni mbovu. Huenda ni nzima kabisa, na kosa lake ni kuuomba mkanda mlegevu ufanye kazi. Halafu uko mlio wa mkatomkato, chwi, chwi, chwi, unaokwenda na mwendo wa mkanda na usiojali kama umewasha taa au kiyoyozi. Huo mara nyingi hutokana na puli kutokaa kwenye mstari mmoja, hivyo mkanda unaingia kwenye mifereji yake kiupande. Muungurumo mzito, wa kusaga, ni habari nyingine tena. Huo mara nyingi ni wa beringi.

Wapo watakaosema haya yote ni maneno mengi kwa kitu cha bei ndogo: nunua feni belti mpya, funga, endelea na maisha. Hoja hiyo ina uzito. Mkanda ukiwa umechoka, ubadilishwe, na mikanda ya siku hizi hudanganya macho. Ile ya zamani ya neoprini ilipasukapasuka, kila mtu akaona; ya sasa, ya raba iitwayo EPDM, inaweza kupoteza raba taratibu kwenye mifereji huku uso wake ukiwa bado safi. Lakini ikiwa oili inaudondokea kutoka juu, au puli imepinda, au springi ya tenshena, kifaa kinachoukaza mkanda chenyewe, imelala, mkanda mpya utakaa kimya kwa muda wa kukufanya umsifu fundi, kisha utaanza wimbo uleule. Hapo ndipo dawa ya pili inapoletwa, nayo ni kukaza. Kwenye magari mengi madogo yasiyo na tenshena, alteneta husukumwa nje kwa chuma, bolti ikakazwa, na kipimo cha fundi mwenye haraka ni kimoja: kaza mpaka inyamaze. Itanyamaza kweli. Mzigo wote wa kuvutwa kiupande umehamia kwenye beringi za alteneta na za pampu ya maji, nazo zitakuja kudai haki yao kwa muungurumo, na bei yake haifanani hata kidogo na ya mkanda.

Kuna na chama cha sabuni. Wanachama wake husugua kipande cha sabuni ya kufulia kwenye mkanda, kelele inakufa, na wanauliza kwa ushindi: unabisha nini tena? Hakuna anayebisha kwamba imenyamaza. Ila mkanda uliopakwa utelezi bado unaweza kuendelea kuteleza, safari hii bila kusema, huku alteneta ikipata mzunguko pungufu na raba ikiungua. Sabuni ina kosa kubwa zaidi, kwamba inafuta jibu. Maji matupu yangetosha kuuliza swali lilelile kwa uaminifu: injini ikizunguka taratibu, puliza maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Kelele ikikatika kisha ikarudi, shuku puli zisizonyooka. Ikizidi, mkanda unateleza na mvuto wake hautoshi. Yale ni matone ya maji tu, hayana chama.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la fundi mzee mwenye bisibisi ndefu, ncha kwenye kasha la alteneta, mpini sikioni, macho yamefumbwa. Yeye anauliza wapi, na anapata jibu. Ni kweli, kwa beringi mbinu hiyo inafaa sana, mradi bisibisi ikae mbali na feni na mkanda. Lakini hata yeye anahitaji kitu kinacholia. Anaweza kuuvua mkanda na kuwasha injini kwa chini ya dakika moja, maana huenda pampu ya maji imesimama, na kelele ikibaki atajua kwamba chanzo hakiko kwenye mkanda wala puli unazoziendesha. Ikipotea, amejua nusu ya jambo; nusu ya pili inasubiri baridi na betri yenye njaa. Kwa hiyo gari linalolia alfajiri lipelekwe gereji jioni na lilale huko, fundi aliwashe mwenyewe kabla ya chai. Mlinzi wa gereji atanung'unika, na malipo yake yaandikwe kwenye bili.