Kamera ya Kwanza Kwenye Nchi ya Chai

Kamera ya kwanza ya mpiga picha chipukizi wa Kericho au Bomet huchaguliwa kwa megapikseli, utadhani majani ya chai yatahesabiwa moja moja. Canon EOS 4000D ya mwaka 2018 ina 18. Nikon D3500 ya mwaka huohuo ina 24. Tofauti hiyo hubishaniwa mpaka chai ipoe, na picha zenyewe huishia WhatsApp, zimebanwa hadi hazitambulikani ni za ipi. Kwamba kishikio cha lenzi cha 4000D ni cha plastiki, hakuna anayeuliza. Mvua nayo haiulizwi, ingawa Kericho hunyeshewa karibu kila alasiri na kamera zote mbili hazikuzibwa dhidi ya maji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kwa hiyo msanii hufunika mali yake kwa koti, akalowa yeye. Lenzi ya milimita 18-55 inayokuja na kamera hudharauliwa siku ya kwanza. Inayotakiwa ni ya masafa marefu, ya kumpiga picha mchumaji chai kutoka barabarani bila kumwomba ruhusa. Mipangilio yote huachiwa kamera yenyewe.