Hapo Tu

Aliyesema mfanyakazi ajenge karibu na kazi hakuwa na mke mwenye kazi. Mimi riziki yangu iko Rusumo, mpakani, wilaya ya Ngara, ambako nashinda nikigombana na makaratasi ya malori yaendayo Kigali. Mama Neema anafundisha Biharamulo mjini. Kati yetu kuna lami ya Rusumo hadi Lusahunga, kilomita 92, na ukifika Lusahunga hujafika: unashuka, unatafuta mchomoko mwingine, mnabanana watu wanne kiti cha nyuma pamoja na kuku asiyelipa nauli, ndipo uanze kuitafuta Biharamulo. Miaka sita tumelipa kodi ya nyumba mbili. Tuna majiko mawili, mapipa mawili ya maji na runinga mbili, ila ya kwangu haijawaka tangu Pasaka, maana rimoti ilikwenda Biharamulo ndani ya begi la nguo chafu na mpaka leo haijapata likizo ya kurudi.

Mwaka jana tukakata shauri. Tununue kiwanja, tujenge, tuache kuwasomeshea wenye nyumba watoto wao. Sharti lilikuwa moja: pawe karibu na kazi. Hatukuulizana kazi ya nani.

Nilianza mimi, kwa kuwa mimi ndiye kichwa cha familia hadi pale pesa inapotakiwa. Rusumo kwenyewe, dalali alinipeleka kwenye nyumba ya vyumba vitatu, bati jekundu. "Bosi, ukikohoa ofisini, mkeo anakupa pole akiwa jikoni." Kweli ilikuwa karibu. Tatizo ni kwamba malori nayo yalipaona hivyo hivyo. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia, kwa hiyo kila gari likifika darajani lazima libadili upande, na nimejionea kwamba jambo hilo haliwezekani bila honi. Yanayosubiri zamu huachwa yananguruma usiku kucha. Nikauliza kelele hizi huisha saa ngapi. Dalali akasema zile si kelele, ni maporomoko ya mto Kagera, watalii wanalipia. Nikamwambia maporomoko ninayoyajua mimi hayanuki dizeli.

Lakini kilichonikimbiza Rusumo si malori, ni saa. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu yangu, ambayo haina uzalendo hata chembe, ikikosa mtandao wa nyumbani huvuka mto usiku bila hati ya kusafiria, ikajiunga na wa jirani, kisha ikajirekebisha saa. Mara mbili nimeamshwa na kengele ya saa kumi na mbili asubuhi, nikaoga taratibu, nikanywa chai na chapati, nikafika kazini nimechelewa saa nzima huku ushahidi kwamba sijachelewa nimeushika mkononi. Msimamizi akaniambia mshahara nikauombe Kigali.

Dalali hakushindwa. Akanishauri basi nipange ng'ambo kabisa. Nikapiga hesabu. Asubuhi ningetoka nyumbani saa moja na kufika kazini saa mbili na robo, kwa mwendo wa dakika kumi na tano. Jioni ningefunga ofisi saa kumi na moja na kufika nyumbani saa kumi na robo, yaani kabla sijatoka. Mama Neema asingeelewa kwa nini mtu anayerudi mapema kiasi hicho bado anadai amechoka.

Nikaenda Benaco. Benaco ndiko wanakolala watu wa malori, na wasiolala wako baa. Jina lenyewe lilitokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, na huko Italia Benaco ni jina la kale la Ziwa Garda, ambako wenye nazo wana majumba kando ya maji. Nilipompigia Mama Neema kumpa habari kwamba tutakuwa na anwani ya ziwani, aliuliza neno moja: "Maji?" Nikamweleza kwamba yapo. Kiwanja kiko kilimani, na maji yanapanda kwa baiskeli, dumu baada ya dumu, bei nayo ikipanda mlima nyuma yake.

Mwenye kiwanja alikuwa bibi mmoja mwenye migomba mizuri. Nikamtiririshia kasoro zote: hapana bomba, hapana kivuli, jirani ni baa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kivuli kilikuwepo, kilikatwa kuni mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi wakiikimbia Rwanda, na vilima hivi vikageuka kambi iliyohesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. "Hao hawakuuliza bomba, mwanangu. Waliuliza pa kuketi." Nilinyamaza kwa adabu, pengine dakika mbili nzima. Halafu akataja bei, na manung'uniko yangu yakarudi yote pamoja na jamaa zake.

Ngara mjini nilikwenda kwa shinikizo la mama mkwe. Alikuwa amesikia habari za Hospitali ya Murgwanza, akaamua kwamba mkwe mwenye akili hujenga karibu na hospitali. Ni kuzuri, siwezi kusema uongo. Milima, parachichi, watu wapole, na baridi ambayo huruhusiwi kuiita baridi mbele ya wenyeji. Nililala gesti nimevaa soksi, sweta na taulo. Asubuhi ukungu ulikuwa umekimeza kiwanja chote. Dalali wa huko alisimama mbele ya weupe mtupu akasema, "Kona ya kwanza ile pale." Nikamwuliza kutoka hapa mpaka Rusumo ni mbali kiasi gani. Akainua kidevu kuelekea kwenye ukungu. "Hapo tu."

Nisimame kidogo kwenye kidevu hiki, kwa sababu kimenigharimu. Dalali wa kwetu haoneshi kwa kidole. Kidole kina mwisho. Kidevu hakina. Ukiuliza shule, kidevu: hapo tu. Zahanati? Kidevu kidogo kushoto: hapo tu. Lami? Kidevu kinazunguka nusu duara kama antena inayotafuta stesheni, kisha kinatulia: hapo tu. Nimewahi kupanda bodaboda yenye tangi lililojaa kukifuata kidevu cha mtu, tukasukuma pikipiki wakati wa kurudi.

Kilele cha kidevu nilikikuta upande wa Bugarama, kwenye habari za nikeli ya Kabanga. Nikeli hiyo imetafitiwa tangu miaka ya 1970, na mwaka 2021 serikali iliingia ubia ikachukua asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya Tembo Nickel. Siku niliyofika mimi, nikeli ilikuwa bado imelala chini ya ardhi, lakini bei za viwanja zilikwisha kuchimbwa zamani. Kipande cha mteremko, ambacho mbuzi mwenyewe alikuwa amekishikilia kwa kwato zote nne, nilitajiwa kwa bei ya Mwanza. Nikauliza mgodi wenyewe uko wapi. Hamhitaji kuambiwa nilijibiwa nini.

Zamu ya Mama Neema ikafika. Yeye hakuwa na maneno mengi. Alinisimamisha Biharamulo mbele ya boma la Mjerumani, ambalo lipo hadi leo na kuta zake nene, akasema: "Baba Neema, hawa walitoka pwani kwa miguu, wakapita kote huko, wakaona pa kujenga ni hapa. Wewe uliyekuja na basi unapakataa?" Nikakosa jibu la haraka, nikachukua la mjomba wake.

Mzee huyo alijenga Chato enzi ambazo Chato ni sehemu ya wilaya ya Biharamulo na mkoa unaitwa Ziwa Magharibi. Mwaka 1979, baada ya vita, mkoa ukapewa jina la Kagera. Baadaye Chato ikakatwa ikawa wilaya yenyewe. Mwaka 2012 ikaingizwa mkoa mpya wa Geita. Nyumba ni ile ile, na ufa ule ule juu ya mlango wa stoo, haijasogea hata tofali moja. Mzee amekaa mikoa mitatu na wilaya mbili bila kupakia godoro. Kuna barua zake ambazo bado zinamtafuta Bukoba. "Sasa mke wangu," nikamwambia, "kwa wilaya zinazotembea namna hii, wewe una hakika gani kwamba ukilala Biharamulo utaamkia Biharamulo?" Aliniangalia jinsi anavyowaangalia wanafunzi wanaosema daftari limeliwa na mbuzi.

Mwishowe tukafanya wafanyavyo wanandoa waliochoka, tukagawana hasara. Tukanunua Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kwenye lami ile ile, mahali ambapo si karibu na kazi yangu wala yake. Dalali alipasifu kwa utulivu. Majirani, alisema, hawapigi muziki. Hakusema kwamba ngedere hawapigi muziki popote duniani. Aliitaja pia Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, ile iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, akaahidi kwamba siku moja tutapangisha vyumba kwa Wazungu. Nikamwuliza hifadhi iko wapi. Mnajua.

Kipimo kilikuwa hatua ishirini kwa thelathini. Mwenye shamba akamwita mjukuu wake wa darasa la tatu aje apime. Nikakataa, nikapima mwenyewe, nikinyoosha miguu kama korongo, na hatua ya kumi na saba suruali ikapasuka. Mwenyekiti wa kitongoji akaingilia kati na miguu yake ya wastani, tukachomeka milamula kwenye kona nne. Wakati wa kuandikishana nikajitia msomi. Nikamkumbusha mzee kwamba sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini, kwa hiyo kwa pesa yangu hii ananiuzia nini hasa? Akafikiri, akaitazama migomba yake saba. "Nakuuzia migomba. Ardhi utakuwa unaikanyaga tu." Nikaweka saini.

Nyumba sasa imefika usawa wa lenta, na pesa nayo imefika hapo hapo. Fundi alisema akirudi kutoka msibani tutaendelea. Msiba huo una miezi minne. Umeme nao ni hadithi. Pale Rusumo maporomoko yanatoa megawati 80, na nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, zimegawana sawa kwa sawa bila kurushiana masufuria. Kutoka nguzo ya mwisho mpaka kwangu panahitajika nguzo nne. Peke yangu siziwezi. Tukipatikana majirani watatu wa kuchangia, zinawezekana.

Kwa hiyo Jumamosi mimi natoka Rusumo, Mama Neema anatoka Biharamulo na Neema mgongoni mwa shangazi yake, tunakutana Nyakahura, tunaketi juu ya msingi wa sebule, tunakula ndizi za kuchoma tukiwafukuza ngedere. Wiki iliyopita tulikuwa hapo, dalali akatokea na kijana mmoja mwembamba, kiatu kipya, bahasha ya kaki kwapani. Ajira mpya, unaiona kwa mbali.

"Hawa ndio watakuwa majirani zako," dalali alikuwa anamwambia. "Watumishi. Watulivu mno."

"Wanakaa hapa?"

"Hawakai. Ndiyo maana watulivu."

Kijana akatusogelea, akainama kidogo. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Samahani, mimi nimepangiwa kazi Lusahunga. Kutoka hapa ni mbali?"

Mama Neema akanigeukia. Mimi nilikuwa naitazama ile nguzo ya mwisho, kule barabarani, imesimama peke yake.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikainua kidevu. "Hapo tu."