Utukufu wa Bedipani

Washairi wa mwambao wetu wamekwisha kuusifu mnazi toka mzizi hata kuti, wakasifu jahazi, wakasifu upanga wa mwenye enzi na jicho la mahabubu, wala sidhani kwamba katika wingi huo wa sifa palisalia kitu cha maana ambacho hakikupata fungu lake. Ila kimoja, ambacho hukaa uvunguni, hutembezwa kikiwa kimefunikwa nguo, na kila anayekutana nacho katika ujia wa wodi hugeuza uso kana kwamba amekutana na mdai wake. Kitu hicho ni bedipani. Nimekusudia kuitendea haki, na namwomba msomaji aliyeketi mezani aahirishe ama chakula ama makala haya.

Kijana aingiapo chuo cha uuguzi kwa muhula wake wa kwanza huingia na fahari mbili: fahari ya kuchaguliwa, maana alipasi baiolojia na kemia ilhali wenzake waliyakimbia masomo hayo mapema, na fahari ya cheo alichopewa na mtaa kabla chuo hakijampa chochote; kwani tangu siku ile barua ya kupokewa ilipofika, majirani wamekwisha kumwita daktari, na shangazi yake amekwisha kumpigia simu akamweleza habari za mgongo wake, akitaka kutajiwa dawa papo hapo. Amekuja na sare mpya iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na viatu vyeusi vya kufunika vidole, na saa yenye mshale wa sekunde, na kile chombo cha kusikilizia mapigo ya moyo ambacho atakitundika shingoni na kupiga nacho picha siku nyingi kabla ya kujua kwamba ncha zake za masikioni zina mbele na nyuma.

Kisha muhula huanza. Asubuhi ni anatomia, ambayo humjulisha kwamba mtu mzima ana mifupa 206, habari ambayo wanadamu wengi wameishi bila ya kuijua na hawakupata hasara. Mchana ni fiziolojia. Jioni ni vijidudu na vimelea, wenye majina ya Kilatini yasiyotamkika kinywani mwa mtu mwenye njaa. Na kati ya hayo mna majaribio yanayofululiza, chumba cha watu sita chenye soketi moja ya umeme, na fedha ya matumizi ambayo haikupata kuuona mwisho wa mwezi. Shida hizo si haba, lakini sizo nilizokuja kuzisifu, kwa sababu mwanafunzi wa sheria anazo, wa ualimu anazo, na wa upimaji wa ardhi anazo. Bedipani ni ya muuguzi peke yake.

Hukutana nayo katika somo la misingi ya uuguzi, ndani ya chumba cha mazoezi, baada ya majuma ya kutandika kitanda kisicho na mtu, kukunja pembe za shuka kwa kipimo, kukitandua, na kukitandika tena. Mgonjwa wake wa kwanza ni mdoli wa plastiki, mwenye subira kupita wagonjwa wote wa dunia: halalamiki, haoni haya, halii kwamba chuma ni baridi, na haja zake zote ni za kudhaniwa. Mbele ya mdoli huyo kila mwanagenzi ni stadi. Lakini mkufunzi mwenye busara haridhiki na shahada inayotolewa na plastiki. Atawaamuru wanagenzi wapande kitandani wao wenyewe, mmoja baada ya mmoja, wakiwa na nguo zao zote, na wenzao wawape chombo. Hapo ndipo elimu inapoanza. Yule aliyekuwa akitaja mifupa yote ya mkono bila ya kuvuta pumzi sasa amelala chali, magoti ameyakunja, kiuno amekiinua, baridi ya chuma inapenya nguo, na rafiki yake wa chumba kimoja anamuuliza kwa sauti ya kikazi kama amekaa vizuri; naye, kwa mara ya kwanza tangu afike chuoni, hana jibu. Yamkini vitabu kumi juu ya huruma havifikii dakika hiyo moja.

Wala asidhani mtu kwamba kumpa mgonjwa bedipani ni jambo sahala. Muuguzi aliyefunzwa hunawa mikono, huvuta pazia, humweleza mgonjwa atakalofanya, huipitisha bedipani ya chuma katika maji ya moto na kuikausha ili isimshtue mwenye kuikalia, huangalia kwamba upande wake mpana unaelekea mgongoni, humsaidia kujiinua yule awezaye kukunja magoti, na yule asiyeweza humlaza ubavu, akakiweka chombo mahali pake, akamgeuza pamoja nacho, mkono mmoja umeshika chombo na mwingine umemshika mtu. Huinua upande wa kichwa wa kitanda, kwa sababu Mwenyezi Mungu hakumuumba mwanadamu ajisaidie akiwa amelala chali. Humwachia karatasi, au kopo la maji kwa asiyeridhika na karatasi, na kengele ya kuitia. Kisha hufanya lililo gumu kuliko yote hayo, nalo ni kuondoka. Huondoka, lakini hafiki mbali. Akiitwa hurudi, humsafisha mgonjwa kutoka mbele kwenda nyuma na si kinyume chake, na humpa naye maji ya kunawa mikono, jambo ambalo wengi hulisahau kwa kudhani kwamba mikono ya mgonjwa haina kazi. Na chombo chenyewe, kikisha kumwagwa, hutiwa katika maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuoshwa. Nimehudhuria harusi zilizopangwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Fauka ya adabu hizo, iko elimu, na hapa ndipo wanaoidharau bedipani wanapodhihirisha ujinga wao. Mgonjwa anaweza kudanganya, jamaa zake wanaweza kuficha, hata mashine yaweza kuharibika. Kilichomo ndani ya bedipani hakimpendelei mtu. Choo cheusi kama lami, chenye kunata, hunena kwamba kuna damu inayovuja juu katika tumbo; lakini mjamzito anayekunywa vidonge vya madini ya chuma naye hupata choo cheusi na hana neno, na hapo mwanagenzi hujifunza kuuliza kabla ya kushtuka. Choo cheupe cha rangi ya udongo wa mfinyanzi huonyesha kwamba nyongo haipiti katika njia yake. Damu iliyo mwishoni mwa mkojo wa mtoto wa Pemba humkumbusha kichocho. Na mtu mzima ambaye mkojo wake wa mchana na usiku haufiki mililita 400, figo zake zina jambo la kusema, wala hakuna atakayelisikia ikiwa aliyeupokea aliumwaga upesi kwa kinyaa pasipo kuupima na kuuandika.

Choo kinachofanana na maji ya kuoshea mchele ni cha kipindupindu, na mkazi wa mwambao hana udhuru wa kulipuuza somo hilo, kwa kuwa kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 kikaendelea hata 1870 kiliua watu kwa maelfu, na James Christie, tabibu wa Kizungu aliyekuwa akitibu kisiwani wakati huo, akaandika kitabu kizima, kikachapishwa 1876, cha kufuatia nyayo za maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki. Katika zama hizo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wakibishana kama maradhi huletwa na hewa mbovu au na kitu kingine. Hata Robert Koch alipomdhihirisha kijidudu cha kipindupindu kwa safari zake za Misri na India, katika 1883 na 1884, alimpata wapi? Hakumpata mawinguni. Alimpata katika matumbo ya waliokufa na katika vinyesi vya wagonjwa, mahali ambapo kijana wetu wa muhula wa kwanza hutazama kwa jicho moja, na hilo moja amelifumba nusu.

Bedipani vilevile haijui matabaka. Hospitali ina vyumba vya kulipia na wodi za jumla, ina mlango wa wakubwa na foleni ya wadogo. Lakini tajiri wa majumba ya kupangisha, na kadhi, na padri, na mkuu wa wilaya, na mwizi aliyevunjwa mguu na watu wenye hasira, wote huinua kiuno kwa namna moja, na wote husema ahsante kwa sauti ndogo kuliko waliyoizoea. Sijui mkutano wa hadhara wala sheria ya nchi iliyofaulu kuwasawazisha watu kwa kiasi hicho.

Tena ni aminifu. Mkasi wa wodi hupotea. Kipima joto huhama. Kalamu aliyoiazima daktari hairudi. Kiti cha magurudumu hukutwa wodi ya pili kimekwisha kuandikwa jina jipya. Bedipani haiibiwi na mtu. Ikiwa ni chache, na aghalabu ni chache, kosa si la wezi. Ni la wale wanaoandika mahitaji ya hospitali, ambao huanza na vitu vinavyopendeza katika picha ya uzinduzi, na sijapata kumwona mgeni rasmi akiikatia utepe bedipani.

Sasa nije kwa fadhila iliyo kubwa kuliko hizo, nayo ni sitara. Mzee wa pwani ambaye maisha yake yote amekwenda msalani na kopo lake na kuufunga mlango nyuma yake, siku anapolazwa akaambiwa asishuke kitandani, huona heri avumilie toka alfajiri hata saa kumi jioni, wakati wa kutazama wagonjwa, mwanawe aje na ndoo ya plastiki kutoka nyumbani, kuliko kumwomba binti aliye rika la wajukuu zake. Kwa kweli katika hospitali zetu nyingi jamaa ndio waifanyao kazi hii, na wodi ambayo jamaa wamezuiliwa kuingia hutambua upesi thamani yao. Lakini si kila mzee ana mtu wa kuja saa kumi. Nilimsikia mwanagenzi mmoja, majuma machache tu tangu aanze chuo, akimwendea mzee wa namna hiyo, ambaye alikuwa amekwisha kuwakataa wauguzi wawili kwa kusema kwamba anamngoja mjukuu wake.

"Shikamoo, babu," alimwambia. "Mjukuu wako amekwisha kufika. Ni mimi."

Mzee alitazama dari kwa muda. "Marahaba," akasema. "Basi livute hilo pazia, mwanangu, lifike mpaka mwisho."

Binti yule alikuwa amefeli jaribio la anatomia juma lile lile, na nilipata habari kwamba alilia usiku na kutaka kurudi kwao. Wako wanaorudi kweli, wala siwalaumu. Si kila mtu aliumbwa kwa kazi hii, na ni afadhali ajue katika muhula wa kwanza kuliko katika mwaka wa ishirini. Lakini ikiwa ni mimi nimelazwa, na nimepewa hiari ya kuchagua baina ya anayeijua mifupa yangu yote 206 na anayejua kulivuta pazia mpaka mwisho, sitakawia kujibu.

Vyuo kadhaa huwa na sherehe ya kuwavisha wanagenzi kofia, wakasimama kwa safu, mishumaa mikononi, kwa kumkumbuka Florence Nightingale na taa yake. Ni sherehe nzuri, na mama zao hulia. Ila nadhani bibi huyo amedhulumiwa. Alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, mwaka 1854, pamoja na wanawake 38, akakuta askari wa Kiingereza wanauawa na maradhi ya tumbo na homa kuliko walivyouawa na risasi za Warusi, ndani ya hospitali iliyojengwa juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba. Mifereji iliposafishwa mwaka uliofuata, vifo vikapungua mno. Katika kitabu chake juu ya uuguzi cha 1859 alivipiga marufuku vyombo vya haja visivyo na mfuniko, na akasema bila ya kuuma maneno kwamba muuguzi anayezikataa kazi za namna hii kwa hoja kwamba si kazi yake, basi uuguzi nao si wito wake. Hayo ndiyo aliyoyaandika kwa mkono wake. Lakini wachoraji walipomchora walimtia taa mkononi, kwa sababu taa humpendeza mchoraji, na bedipani haimwangazi mtu uso.

Rai yangu ni kwamba mishumaa ipumzishwe, na kila mwanagenzi aandamane mbele ya mgeni rasmi akiwa ameibeba bedipani ya chuma, iliyosuguliwa mpaka mtu ajione ndani yake, tena yenye mfuniko kama alivyoagiza Nightingale mwenyewe. Nilimpelekea rai hiyo muuguzi kiongozi wa wodi moja, mama aliyewafunza wanagenzi wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka, nikitaraji kwamba atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza wanagenzi watakaovishwa kofia ni wangapi. Nikamjibu kwamba wanakisiwa 80. Akasema wodi yake ina bedipani nne, mbili ziko kazini saa ile, na hizo mbili zilizosalia sitatoka nazo mlangoni mpaka nitie sahihi katika daftari, na niandike saa ya kuzirudisha.