Tulilala Njaa, Nani na Nani?

Rafiki yangu siku hizi ana ukumbi wake wa sanaa, wenye maua mlangoni, na anaandika kumbukumbu za ujana wetu. Amenisomea sura ya kwanza. "Tulilala njaa," anasema. Tulilala nani na nani? Makande ya Ngarenaro nilikopa mimi, kwa jina langu, na mama muuzaji hadi leo akiniona hukohoa.

Yote yalianza alipoazimwa kitabu cha Patti Smith cha mwaka 2010, kinachosimulia ufukara wake na Robert Mapplethorpe huko New York. Kikapata tuzo kubwa ya vitabu Marekani. Tangu hapo njaa yetu imepanda cheo.

Brashi tulikuwa nayo moja, hilo sipingi. Rangi ilikuwa ile ya kupaka baiskeli, kwa kufuata nyayo za Edward Saidi Tingatinga, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1972 kabla mtindo wake haujawa riziki ya wengi. Dirisha letu lilitazama Meru: zaidi ya mita 4,500 za mlima, bure, kila alfajiri. Hatukuuchora hata siku moja. Watalii walitaka Kilimanjaro, nasi tukawapa Kilimanjaro, na twiga watatu juu yake kama nyongeza.

Katika sura ya pili, Meru ndio uliotufundisha sanaa. Nimemwomba aongeze mstari mmoja tu, kuhusu deni la makande. Anasema utaharibu mtiririko.